Wikendi ya skii na familia mwishoni mwa msimu: mwongozo wa Loveland, Colorado

Mwezi Machi unapoelekea ukingoni na nyasi za Denver na Aurora kuanza kurudisha kijani, familia nyingi huamini kwamba msimu wa skii umekwisha. Milimani hali ni tofauti kabisa. Katika miinuko ya juu ya Colorado theluji hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi, na kwa kawaida kina chake hufikia upeo karibu na wiki ya pili ya Aprili, wakati ambapo baridi kali ya Januari imeshapungua, siku zimerefuka, na mtoto anaweza kukaa nje kwa saa nyingi bila vidole kufa ganzi. Kwa familia ambayo wazazi wake walikulia Bukavu, Kigoma au Mombasa, na watoto wake wameiona milima hiyo kupitia dirisha la basi la shule tu, huu ndio wakati mwema wa kuanza.

Jambo moja linapaswa kueleweka kabla ya mengine yote: mwishoni mwa msimu, theluji hubadilika kwa saa. Asubuhi huwa ngumu kama sakafu, kabla ya adhuhuri hulainika na kuwa tamu kuteleza, na alasiri huwa nzito na yenye maji. Anayepanga siku yake kwa kufuata mabadiliko hayo atafurahia, na anayeyapuuza atajifunza kuteleza juu ya barafu asubuhi na ndani ya uji alasiri.

Hatua ya kwanza: chagua mlima na tarehe

Kwa wikendi ya kwanza ninapendekeza kituo cha Loveland, kilicho kilomita 85 hivi magharibi ya Denver, kando ya barabara kuu ya I-70. Kipo kabla tu ya handaki la Eisenhower, ambalo kwa kweli hupita chini ya miteremko yake, hivyo dereva asiye na uzoefu halazimiki kuvuka upande wa pili wa milima. Kuegesha gari ni bure, na mahali penyewe ni pa kawaida, pasipo hoteli za kifahari wala maduka ya kuwashawishi watoto. Kituo kina pande mbili. Loveland Basin ndio upande mkubwa, ambako lifti, yaani viti vya kuning'inia vinavyobeba watu kupanda mlima, hufika hadi karibu mita 3,965 juu ya usawa wa bahari, kwenye tuta linalogawa maji yanayotiririkia Pasifiki na yale yanayotiririkia Atlantiki. Loveland Valley ni upande mdogo na mtulivu, uliotengwa kwa ajili ya wanaojifunza.

Hapo ndipo tarehe inapohitaji uangalifu. Basin kwa kawaida huendelea hadi mwanzoni mwa Mei, lakini Valley hufungwa mapema zaidi. Familia yenye wanaoanza ichague wikendi ya mwisho wa Machi au ya mwanzo wa Aprili, na kabla ya kulipa chochote iulize kituo maswali mawili: je, Valley itakuwa wazi siku hizo, na je, madarasa ya watoto bado yanaendelea? Kituo kuwa wazi si sawa na shule yake ya skii kuwa wazi, na tofauti hiyo huwakuta wengi wakiwa wameshafika mlangoni. Familia ambayo tayari inateleza vizuri inaweza kusogeza safari hadi Mei na kwenda Arapahoe Basin, jirani wa Loveland upande wa pili wa kilele, ambako msimu mara nyingi hufika mwishoni mwa Mei au hata Juni.

Tiketi zinunuliwe mtandaoni siku kadhaa kabla, kwa kuwa bei ya dirishani huwa juu. Kwa anayeanza, tafuta kifurushi kinachojumuisha mafunzo, vifaa na tiketi ya lifti, kwani kununua kila kimoja peke yake hugharimu zaidi. Watoto wadogo sana, kwa kawaida wa miaka 5 na chini ya hapo, hupanda lifti bila malipo katika vituo vingi vya Colorado.

Hatua ya pili: kodi vifaa Ijumaa, mjini

Ikiwa hamkuchukua kifurushi cha mlimani, kodini skii (mbao ndefu za kutelezea), viatu, fimbo na helmeti mjini Ijumaa alasiri. Foleni ya mlimani Jumamosi asubuhi hula saa nzima ambayo mtoto angeitumia darasani, na haraka ya foleni ndiyo inayozaa viatu visivyofaa.

Viatu ndivyo vinavyoamua kama mtoto atafurahi au atalia, hivyo vitazame kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Mvalishe soksi moja tu, ndefu na nyembamba, ya sufu au ya kitambaa kinachokauka haraka, iliyovutwa hadi chini ya goti bila mkunjo hata mmoja. Wazazi wengi, kwa huruma, huvalisha soksi mbili au tatu, na matokeo yake mguu hubanwa, damu haizunguki vizuri, na vidole hupoa upesi zaidi. Suruali ya ndani isiingizwe ndani ya kiatu, bali ikomee juu yake. Mtoto akisimama wima, vidole vyake viguse kidogo ncha ya mbele. Akikunja magoti na kuegemea mbele, virudi nyuma na kuacha kugusa. Baada ya kufunga vibano vyote, mwambie aegemee mbele tena huku umeshika kisigino cha kiatu: mguu ukiinuka ndani, kiatu hicho ni kikubwa, hata kama mwenyewe anasema kiko sawa kwa sababu hakimbani.

Mhudumu atauliza uzito, urefu, umri na uzoefu wa kila mmoja. Majibu hayo hutumika kurekebisha vifungio vinavyoshika kiatu kwenye skii, ambavyo kazi yake ni kuachia mguu pale mtu anapoanguka. Anayepunguza uzito wake kwa aibu, au anayejitia ubingwa, anavuruga kipimo hicho: kifungio kitaachia bila sababu, au, jambo lililo baya zaidi, hakitaachia goti linapokuwa linapinda.

Helmeti ipimwe na nywele kama zitakavyokuwa mlimani. Mtoto mwenye rasta nene, shanga au fundo kubwa utosini hawezi kuvaa helmeti ikakaa chini kwenye paji la uso inavyotakiwa, na shanga huumiza zinapobanwa. Ni vyema kusuka mistari ya chini inayolala kichwani siku moja au mbili kabla. Wanaovaa hijabu wavae ile nyembamba, ya kubana, na ncha zote ziingizwe ndani ya jaketi ili zisinaswe na viti vya lifti.

Kuhusu nguo, neno ni moja: pamba ibaki nyumbani. Suruali ya jinzi na fulana nzito za pamba hunyonya maji ya theluji ya Aprili na kukaa zimelowa hadi jioni. Vaa nguo ya ndani ya sufu au ya polista, sweta nyepesi la kitambaa kinachokauka, na juu yake jaketi na suruali visivyopitisha maji, ambavyo navyo vinaweza kukodiwa. Kila mtoto awe na jozi mbili za glavu, kwani ile ya kwanza italowa kabla ya chakula cha mchana.

Hatua ya tatu: andaa gari

Jua la Aprili mjini lisimdanganye dereva. Sheria ya Colorado inataka kila gari la kawaida linalopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Mei, liwe tayari kwa theluji. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu mawili ni lazima liwe na matairi ya theluji au ya misimu yote yenye alama ya matope na theluji, na kina cha kashata kisichopungua milimita 5 hivi. Vinginevyo libebe minyororo ya matairi au kifaa kingine kinachokubaliwa. Anayeziba barabara kwa sababu hakujiandaa hutozwa faini ya mamia ya dola. Jifunzeni kufunga minyororo hiyo mkiwa nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto.

Ndani ya gari wekeni maji ya kutosha, blanketi, koleo dogo, tochi na chakula cha ziada. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa ya chai ya maziwa vitaokoa fedha nyingi, maana chakula cha mlimani ni ghali. Katika vituo vya Colorado ni jambo la kawaida siku za jua la masika kuona familia zikila kando ya magari yao, na hakuna atakayewashangaa.

Hatua ya nne: lala chini, panda juu

Loveland haina hoteli mlimani, na hilo ni heri. Laleni Georgetown, mji mdogo wa zamani wa wachimbaji wa fedha ulio kwenye mita 2,600 hivi, dakika kama ishirini kutoka kituoni, au Idaho Springs, iliyo chini zaidi, karibu mita 2,300. Chini ya lifti za Loveland ni karibu mita 3,290. Kwa anayeijua Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu kuliko kibanda cha Mandara, na kilele cha lifti ni juu kuliko Horombo. Hewa ya hapo ina takribani theluthi mbili tu ya oksijeni iliyopo Mombasa au Dar es Salaam.

Wakazi wa Denver, ambao tayari wanaishi kwenye mita 1,600, huzoea upesi kuliko mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi. Hata hivyo watoto huathirika, na mara nyingi hawajui kueleza. Mtoto atasema, «Mama, kichwa kinaniuma, sitaki chai,» na mzazi atadhani ni uvivu au deko. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu ni dalili za mwinuko. Mpumzishe, mpe maji, wala asipande juu zaidi. Dalili zikizidi, shukeni Idaho Springs au Denver siku hiyohiyo. Anayepepesuka, anayechanganyikiwa, au anayehema kwa shida akiwa ameketi anahitaji kushushwa mara moja na kufikishwa hospitali.

Nisisitize jambo ambalo vijitabu vya utalii hulitaja mara chache. Ugonjwa wa selimundu ni wa kawaida katika familia zetu, na mwinuko wa namna hii unaweza kusababisha maumivu makali kwa mwenye ugonjwa huo. Hata aliyebeba chembe moja tu ya urithi, ambaye hajawahi kuugua maishani, anaweza mara chache kupata madhara ya wengu akiwa juu sana. Zungumzeni na daktari kabla ya kupanga safari, na yeyote anayeshikwa na maumivu ya ghafla ya tumbo upande wa kushoto akiwa mlimani asiambiwe avumilie.

Hatua ya tano: soma theluji kabla ya kuvaa skii

Usiku usio na mawingu, joto la theluji hupotelea angani na tabaka la juu huganda. Jua linapochomoza tabaka hilo huanza kuyeyuka kutoka juu, na kuna muda, pengine saa moja au mbili, ambapo sentimita chache za juu zimekuwa chembe laini kama sukari guru iliyopondwa huku chini kukiwa bado imara. Huo ndio muda ambao wenyeji huusubiri. Usiku ukiwa na mawingu mazito theluji haigandi vizuri, na asubuhi yake hulainika mapema na kuchoka mapema.

Miteremko hailainiki pamoja. Inayotazama mashariki hutangulia, ya kusini hufuata, ya magharibi huja mchana, na inayotazama kaskazini inaweza kubaki ngumu siku nzima. Fungua ramani ya kituo, tazama ni wapi jua limeshapiga, na uipeleke familia yako huko. Kipimo chepesi ni ncha ya fimbo: ikigonga na kuruka, subirini mkinywa chai; ikizama sentimita mbili au tatu na kusimama, nendeni; ikizama hadi kwenye kisahani chake bila kizuizi, wakati umepita.

Kwa sababu hiyo hakuna haja ya kuwaamsha watoto alfajiri ili wawe wa kwanza kwenye lifti. Wafike saa tatu asubuhi, wavae bila haraka, na darasa likianza saa nne theluji itakuwa inaanza kuwapokea. Ikiwa dhoruba imeleta theluji mpya usiku, jambo la kawaida hata mwezi wa Aprili, kanuni hii hugeuka: nendeni mapema, kwa kuwa jua litaiharibu theluji hiyo kabla ya adhuhuri.

Hatua ya sita: siku ya kwanza mlimani

Wapelekeni watoto kwa mwalimu, na wazazi wasioweza nao wachukue darasa lao wenyewe. Baba anayejifunza huku anamfundisha mtoto hawezi kumlinda akianguka. Somo la kwanza ni kusimama na kutembea, kisha kupanda kwenye mkanda unaosogea polepole juu ya theluji, kisha kushuka skii zikiwa zimeundwa kabari: ncha za mbele zimekaribiana, mikia imeachana, na uzito uko mbele ya kiatu. Anayeogopa huegemea nyuma, na kuegemea nyuma ndiko kunakomnyima breki. Mkumbushe mtoto aguse magoti yake kwa mikono akiwa anashuka. Mwili wenyewe utakuja mbele.

Lifti ya viti isubiri mpaka mwalimu aridhike kwamba mtoto anaweza kusimama na kugeuka. Mkiwa kwenye kiti, shusheni fito ya usalama, mtoto akae nyuma kabisa, na fimbo zishikwe kwa mkono mmoja. Ishara za Marekani zifahamike kwa kila mmoja: duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa buluu ni ya kati, almasi nyeusi ni ngumu. Aliye mbele na chini yako ana haki ya njia, na ni wajibu wako wewe uliye nyuma kumkwepa. Msisimame katikati ya mteremko au mahali pasipoonekana kutoka juu.

Kamwe msivuke kamba wala alama za mipaka. Theluji ya masika inapolowa hupoteza mshikamano, na maporomoko ya theluji iliyolowa hutokea hasa mchana kwenye miteremko iliyopigwa na jua. Ndani ya mipaka wako wataalamu wanaoyadhibiti. Nje, hasa juu ya barabara ya mlimani ya Loveland Pass, hakuna mtu anayewalinda. Mahali hapo si pa kuwachezesha watoto sledi, hata kama magari yameegeshwa tele.

Jua linahitaji uangalifu uleule. Nguvu ya mionzi yake huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mnapopanda mita 1,000, na theluji safi inaweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo, hivyo uso huchomwa kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, na midomo hupasuka. Paka mafuta ya kukinga jua chini ya kidevu, chini ya pua na nyuma ya masikio, na urudie mchana. Macho hayana rangi ya kuyakinga: mtoto aliyekaa bila miwani siku nzima anaweza kuamka usiku akilia kwamba ana mchanga machoni. Miwani ya theluji ivaliwe hata kukiwa na mawingu.

Hatua ya saba: acheni kabla miguu haijakataa

Kuanzia saa saba mchana theluji huwa nzito, hushika skii na kuzipinda, na miguu iliyochoka haina nguvu ya kuzirudisha. Magoti huumia zaidi katika hali hiyo. Dalili ya mtoto aliyechoka ni kwamba kabari inapanuka na mikono inaanguka ubavuni, hata kama bado anaomba mteremko mmoja zaidi. Ifikapo saa nane wawe wamevua viatu. Rudini mlikofikia, toeni bitana za ndani za viatu zikauke mbali na moto, na wekeni glavu zikitazama chini ili maji yatoke.

Jumapili rudieni ratiba ileile, lakini kwa nusu siku. Barabara ya I-70 kuelekea mashariki hujaa sana Jumapili alasiri, hasa kati ya Georgetown na Idaho Springs, na familia ina njia mbili za kukwepa: kuondoka mlimani kabla ya saa sita, au kushuka hadi Idaho Springs, kuoga kwenye maji ya moto ya chemchemi yaliyoupa mji huo jina, kula chakula cha jioni bila haraka, na kuondoka giza limeingia.

Vifaa vya kukodi virudishwe usiku huo au asubuhi ya Jumatatu kulingana na mkataba, vikiwa vimefutwa maji. Kama watoto wameupenda mchezo, msisubiri Novemba. Pasi za msimu ujao huuzwa masika kwa bei ya chini kuliko ile ya vuli, maduka mengi huuza skii na viatu vilivyokodishwa kwa bei nafuu msimu unapofungwa, na watoto wa chekechea hadi darasa la sita wanaweza kuandikishwa katika mpango wa Ski Passport wa Colorado Ski Country USA, unaowapa siku kadhaa katika kila kituo mwanachama kwa ada moja ndogo. Viatu vya mtoto nunueni vya saizi atakayovaa majira ya baridi yajayo, na helmeti iliyotumika msiinunue, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani kwa macho.